KINANDA: HISTORIA YA NENO NA UJIO WA ALA ZA ELEKTRONIKI KATIKA MUZIKI WA TANZANIA, PAMOJA NA MFANO WA KITAI, MBINGA

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kilivyozipokea ala za mwanzo za elektroniki katika muziki wa kupendwa na watu wengi nchini Tanzania. Uchunguzi unafanywa kupitia neno moja, nalo ni kinanda. Neno hili limekwisha kutaja ala ndogo ya nyuzi ya waimbaji wa pwani, ogani ya kanisani, mashine ya kupigia santuri, na hatimaye kisanduku cha plastiki chenye vitufe na betri kilichotengenezwa Japani. Ala hizi hazifanani kwa umbo wala kwa namna zinavyotoa sauti. Swali letu basi ni hili: kwa nini wasemaji waliona inafaa kuziita zote kwa jina moja, ilhali gitaa, besi, tumba na saksafoni zilipewa kila moja jina lake?

Hoja tunayoitetea ni kwamba Kiswahili hakikuzipa ala hizi majina kwa kuangalia mitambo iliyomo ndani yake. Kiliziita kwa kuangalia kazi ambayo ala huifanya mbele ya watu, na pia kwa kuangalia kama ala ilifika pamoja na mafundi wake au ilifika peke yake. Jambo hili lina uzito kwa wanaisimu na wanaleksikografia, kwa kuwa kamati za istilahi zimekuwa zikianza kazi kutoka upande wa mtambo, na matokeo yake yameonekana.

Katika sehemu ya tano tunaitazama Kitai, katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Kitai ni njiapanda: barabara ya Songea kwenda Mbinga na Mbamba Bay inapita hapo, na hapo ndipo inapoachana na barabara inayoshuka kupitia Ruanda hadi Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Mahali kama hapa, mbali na studio na mbali na kumbi za Dar es Salaam, hutuonyesha kwa uwazi zaidi ni jambo gani hasa lililoifanya ala ya elektroniki ipokelewe.

2.0 Umeme na elektroniki: tofauti inayofaa kuwekwa wazi

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kutenganisha aina mbili za ala ambazo mara nyingi huchanganywa. Ala ya umeme, kama gitaa la umeme lililoanza kuuzwa Marekani mapema katika miaka ya 1930, huwa na chanzo cha sauti kinachotikisika chenyewe, yaani uzi. Umeme huja baadaye kuikuza sauti hiyo. Ala ya elektroniki haina uzi wala ulimi unaotikisika. Sauti huzaliwa ndani ya sakiti, nayo husikika inapofika kwenye spika.

Miongoni mwa ala za mwanzo za aina hii ya pili ni ile ya Mrusi Leon Theremin, iliyobuniwa karibu na mwaka 1920, na ile ya Mfaransa Maurice Martenot ya mwaka 1928. Ogani ya Hammond ya mwaka 1935 husimama kati ya aina hizo mbili, maana ndani yake yamo magurudumu yanayozunguka mbele ya sumaku. Mwaka 1964 Robert Moog alionyesha sinthesaiza yake huko Marekani. Msomaji ataona kwamba huko Ulaya na Marekani ala hizi zilichukua majina ya wabunifu wake. Theremin ni mtu na pia ni ala. Kadhalika Martenot, Hammond na Moog. Jina lilihifadhi kumbukumbu ya aliyetengeneza.

Ala zote hizo zilikuwa ghali, na zilihitaji umeme wa ukutani. Kwa nchi ambayo sehemu yake kubwa haikuwa na umeme huo, hazikuwa na njia ya kuwafikia watu. Mabadiliko yalikuja pale kampuni ya Casio ya Japani ilipoingia katika biashara ya ala za muziki mwaka 1980, na baadaye kutoa vinanda vidogo vya bei nafuu, vyenye spika yake ndani, midundo iliyohifadhiwa tayari, na nafasi ya betri. Hivi ndivyo vilivyofika uswahilini.

3.0 Neno kinanda kabla ya elektroniki

Kwa mujibu wa kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903 na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, kinanda kwanza ni ala ya nyuzi, kisha ni jina linalotumika kwa ala za kigeni za namna namna, zikiwamo piano na ogani. Katika upwa wa kaskazini, hasa Lamu na Mombasa, neno hili lilitaja ala ndogo ya nyuzi ya jamii ya gambusi, na pia lilitaja muziki wenyewe uliopigwa kwa ala hiyo. Ala ikawa jina la shughuli. Tutakutana tena na jambo hili mbele.

Upanuzi wa maana ulikwenda mbali zaidi. Gramafoni iliitwa kinanda cha santuri. Ala ndogo inayopulizwa kwa midomo iliitwa kinanda cha mdomo. Katika makanisa, ogani na harmonia zote zilikuwa vinanda, na anayezipiga ni mpiga kinanda. Vyote hivi ni vya ngeli ya KI-VI, na vyote huchukua kitenzi piga. Kitenzi hiki kinastahili kutazamwa. Tarumbeta na filimbi hupulizwa. Zeze, gitaa, ngoma na kinanda hupigwa. Lakini santuri nayo hupigwa, ingawa mkono wa mtu huishia kwenye kuiweka sahani na kuliteremsha sindano lake. Kwa hiyo kupiga, katika uwanja huu wa maana, si kugonga tu. Ni kusababisha muziki usikike mahali watu walipo. Mtu aliyeleta gramafoni harusini alikuwa amepiga kinanda, hata kama hakujua noti moja.

Jambo hili ndilo lililoandaa njia ya kinanda cha elektroniki. Kisanduku cha Casio kina midundo inayojiendesha yenyewe mara kitufe kinapobonyezwa. Katika lugha nyingine ubishi ulizuka iwapo mtu wa namna hiyo ni mwanamuziki. Kiswahili hakikuwa na taabu hiyo: kilikuwa na kitenzi piga, ambacho kilikwisha kuzoea kazi ya mashine.

4.0 Lini ala hukopewa jina na lini hupewa jina la nyumbani?

4.1 Ala iliyofika na mafundi wake

Tuanze na taarabu ya Zanzibar. Udi, kanuni, nai na fidla ni majina yaliyokuja na ala zenyewe, mengi yao kutoka Kiarabu. Simulizi inayokubalika ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kanuni. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliendeleza elimu hiyo. Ala ilifika ikiwa na mwalimu, namna ya kufundishwa na istilahi zake. Kuiita kanuni kwa jina la kinanda kungekuwa kuivunjia heshima.

Hali kadhalika muziki wa dansi. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na baadaye NUTA Jazz ya mwaka 1964, zilijenga utaratibu wa kazi ambamo kila mpigaji ana nafasi yake. Gitaa, ambalo kwa maelezo ya kamusi tulizozitaja lingeweza kuitwa kinanda, lilijitenga na jina hilo. Likagawanyika kuwa gitaa la solo, gitaa la rithim na gitaa la besi. Mtu akawa mpiga solo au mpiga besi. Ilikuwa lazima kuyatofautisha, kwa kuwa katika jukwaa moja walisimama watu watatu wenye ala zinazofanana kwa macho lakini zenye kazi tatu.

4.2 Ala iliyofika peke yake

Kinanda cha elektroniki kilifika kwa njia nyingine. Kiliingia kama bidhaa dukani, au zawadi ya ndugu aliyesafiri, au mali ya mwenye bendi, bila shule wala fundi wa kukifundisha. Bendi ya Vijana Jazz, iliyovuma chini ya Hemedi Maneti katika miaka ya 1980, ni miongoni mwa bendi za dansi za mwanzo kuingiza vinanda na ngoma za elektroniki. Katika taarabu, mabadiliko makubwa yalionekana mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale East African Melody na Tanzania One Theatre zilipokifanya kinanda kuwa mhimili wa taarabu ya kisasa. Kinanda kimoja kilichukua nafasi ya fidla kadhaa, nai na akordioni, nalo kundi likapungua kutoka watu wengi waliokaa viti hadi wachache walioweza kusafiri kwa gari dogo.

Jina lililotumika katika taarabu na hata katika dansi ni lile lile: kinanda, na mpiga kinanda. Neno kibodi linasikika, lakini limeelemea zaidi upande wa kompyuta. Hapa kuna ushahidi wa kuvutia. Kwa sehemu ile ya kompyuta, wataalamu wa istilahi walipendekeza neno baobonye, yaani bao la kubonyea. Hili ni jina lililotungwa kutokana na umbo na utendaji wa kifaa. Watumiaji wengi waliendelea kusema kibodi. Na kwa ala ya muziki, yenye vitufe vile vile vya kubonyezwa, hakuna aliyeona haja ya kusema baobonye, kwa kuwa jina lilikuwapo tayari.

4.3 Kanuni mbili

Kutokana na mifano hii tunaweza kueleza kanuni mbili. Kwanza, ala inayofika pamoja na mafundi na utaratibu wake wa kazi huwa na mwelekeo wa kufika na jina lake. Ala inayofika peke yake huingia katika jina la ala iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Pili, ala hulihama jina la jumla pale kazi inapogawanywa miongoni mwa wapigaji kiasi cha kuhitaji majina tofauti. Gitaa lilihama kwa sababu hii. Kinanda cha elektroniki hakikuhama, kwa sababu mpigaji wake ni mmoja na hufanya kazi zote: mdundo, besi na sauti ya juu. Kwa mfano rahisi, neno kinanda ni sebule. Mgeni hukaa hapo mpaka atakapopewa chumba chake.

5.0 Mfano wa Kitai na ufuko wa Nyasa

Kanuni hizi zinaweza kupimwa katika eneo ambalo umeme wa gridi ulichelewa. Gridi ya Taifa iliufikia Mkoa wa Ruvuma mwaka 2018, baada ya kukamilika kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea. Kabla ya hapo miji ya mkoa ilitegemea majenereta ya dizeli, na vijiji vingi havikuwa na kitu. Kwa hiyo katika miaka ya 1980 na 1990 ala ya elektroniki iliyoweza kusikika Kitai bila jenereta ni ile tu iliyotumia betri. Betri, zaidi ya sakiti, ndiyo iliyoamua ni elektroniki ya namna gani ingewafikia watu.

Jina nalo halikungoja umeme. Misheni ya Kigonsera, iliyo katika barabara hiyo hiyo, ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya Peramiho. Na mwaka 1986 liliundwa Jimbo Katoliki la Mbinga. Kwa vizazi kadhaa Wamatengo, Wangoni na Wanyasa wamejua kinanda kuwa ni kile cha kanisani kinachoongoza kwaya. Kinanda cha betri kilipofika, kilikuta kazi hiyo ikifanywa na kukuta jina lake. Mtu wa Kitai hakuhitaji kuelezwa hiki ni kitu gani.

Ukiteremka kutoka Kitai hadi ziwani, unakutana na mfano mwingine unaoithibitisha kanuni ya kwanza kwa njia ya kinyume. Mganda ni ngoma ya mwambao wa Ziwa Nyasa, inayojulikana Tanzania, Malawi na Msumbiji, na ambayo T. O. Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii, aliiweka katika ukoo wa beni. Beni ilizaliwa pwani katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ikaenea bara wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Gwaride lilifika pamoja na askari waliolijua, na kwa hiyo likaja na vyeo vyake vya kigeni. Tarumbeta za shaba hazikufika kwa wingi. Badala yake watu walitumia kibuyu kilichotobolewa na kufunikwa tundu lake kwa utando wa buibui. Mchezaji huimba ndani ya kibuyu, utando ukatikisika, na sauti ikatoka yenye mkwaruzo mithili ya tarumbeta. Ala hii ikabaki na jina la nyumbani, lipenga, wingi malipenga. Taasisi iliyokuja na watu wake ilileta majina yake. Ala iliyotengenezwa hapo hapo iliitwa kwa lugha ya hapo.

Malipenga yanatufundisha jambo jingine, nalo linahusu sikio. Utando wa buibui upo pia katika ilimba ya Wagogo, ambako hubandikwa ili kuipa sauti mvumo wa kukwaruza. Mafundi wa ala hizi hawakuuona mkwaruzo kuwa kasoro, waliutafuta. Tukumbuke hilo tunapokitazama kinanda katika mchiriku.

Mfano wa mwisho wa eneo hili ni wa mtu. Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi na mbunge wa Mbinga Magharibi kuanzia mwaka 2005 hadi kifo chake mwaka 2015, aliiongoza Tanzania One Theatre tangu ilipoundwa mwaka 1992. Katika kundi hilo kwaya, ngoma, maigizo, dansi na taarabu vilipangwa katika onyesho moja. Kinanda kiliweza kupita kutoka kwaya hadi taarabu bila kubadili jina, kama ambavyo katika maisha ya eneo alikotoka kilikwisha kupita kutoka kanisani hadi uwanjani.

6.0 Mchiriku: kinanda kinapokuwa jina la shughuli

Jijini Dar es Salaam, katika miaka ya 1990, vijana wa uswahilini waliunda muziki ulioitwa mchiriku, na pia mnanda. Kundi la Jagwa, lililoanzishwa mwaka 1992, ndilo lililokuja kujulikana zaidi nje ya nchi, hasa baada ya albamu yake ya mwaka 2012. Ala zake ni ngoma, kigoda kinachogongwa kwa vijiti, na kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na amplifaya kuukuu na spika za honi. Sauti hutoka kali na yenye kukwaruza. Mhandisi wa sauti angesema mtambo umezidiwa. Aliyezoea malipenga au ilimba angesema mtambo umefika mahali pake.

Kwa upande wa lugha, jina mnanda lina umuhimu wa pekee. Msikilizaji husikia ndani yake shina lile lile la kinanda, likiwa limevuliwa ki- na kuvikwa m-. Ki- katika Kiswahili hudokeza pia udogo; m- ya ngeli ya M-MI haidokezi hivyo. Ala ni kinanda. Shughuli nzima, pamoja na usiku wake, wachezaji wake na vumbi lake, ni mnanda. Tulikwisha kuona kule Lamu na Mombasa ala ikilipa jina lake tukio. Karne moja baadaye mwendo huo huo wa maana ulirudi, safari hii ala ikiwa ya elektroniki.

Mchiriku ulihesabiwa na wengi kuwa muziki wa wahuni, ukasambaa kwa kaseti na kwa sherehe za mitaani kuliko kwa redio. Nyimbo za dansi za miaka ya 1960 hadi 1980 zilirekodiwa kwa wingi na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda hizo ni hazina ya Taifa. Mchiriku haukupata hifadhi ya namna hiyo. Sehemu kubwa ya kumbukumbu yake imo katika vinywa vya waliokuwapo, yaani katika msamiati wao.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya neno kinanda si historia ya uzembe wa lugha isiyotofautisha vitu. Ni historia ya jamii inayojua kwamba ala ni kazi kabla ya kuwa mtambo. Wakati Ulaya na Marekani zilikumbuka jina la aliyebuni, Kiswahili kilikumbuka kazi iliyofanywa. Aidha, tumeona kwamba ujio wa ala za elektroniki haukuwa pigo la ugeni lililofuta yaliyotangulia. Ulipokelewa na majina, vitenzi na masikio yaliyokwisha kuwapo.

Hata hivyo sebule hii inaanza kubaki tupu. Singeli, muziki uliotokana kwa sehemu kubwa na mchiriku na kuenea sana katika miaka ya 2010, hutengenezwa zaidi kwa programu za kompyuta. Hapo hakuna tena ala ya kuitwa kinanda; kuna biti, na mwenye kazi ni prodyuza. Kwa mujibu wa kanuni yetu ya kwanza jambo hili lilitarajiwa: programu ilifika na utaratibu wake wa kazi, na pia na majina yake. Lakini msamiati wa zama za kinanda kidogo cha betri, yaani majina ya midundo yake, ya namna za kukiunganisha na spika, ya makosa yaliyogeuzwa kuwa mtindo, uko hatarini kupotea kabla ya kuingizwa katika kamusi.

Tunapendekeza basi mambo mawili. Wanafunzi wa uzamili wanaotoka maeneo kama Mbinga na Nyasa wahimizwe kukusanya msamiati huu kwa wapigaji wa kwaya, wa taarabu na wa ngoma, wakianzia nyumbani kwao kabla ya kwenda kumbi za jijini. Na waundaji wa istilahi, kabla ya kuuliza kifaa kimeundwaje, waulize kwanza kinafanya kazi gani, na nani alikuwa akiifanya kazi hiyo kabla hakijafika. Aghalabu jina litakuwa linawangoja hapo.